Kima wa Mto Tana na Watu Ambao Hawakuulizwa

Kibali cha kukaa saa moja na gorila wa milimani nchini Rwanda ni dola 1,500. Uganda ni nafuu kidogo, dola 800 tangu 2024. Picha umeziona: mtu kavaa koti la mvua, nyuma yake ukungu na majani, na dume la mgongo mweupe linamtazama kama mtu anayesubiri kulipwa deni. Wapo vijana wa Nairobi wanaoanzisha chama kabisa kwa ajili ya hiyo safari, wanachanga mwaka mzima. Sina ubaya nao. Ila mimi ni mtoto wa Garissa, na kila nikiziona hizo picha najiuliza ni wangapi kati yetu wanajua kwamba ukiufuata Mto Tana kutoka daraja la Garissa kuelekea kusini, ukapita Bura, ukapita Hola, kuna msitu mwembamba wenye jamii mbili za kima ambazo hazipatikani kwingine kokote duniani. Si Rwanda, si Congo, si hata kwingine hapa Kenya. Ni hapo tu, kwenye kipande cha mto kisichofika kilomita mia.

Kwanza tuelewane kuhusu majina, manake mjini kila mnyama mwenye mkia na vidole tunamwita nyani. Nyani ni yule mkubwa wa mdomo mrefu anayevamia mahindi. Tumbili ni yule mdogo wa uso mweusi anayeiba chapati hotelini. Kima ni wa msituni, na pia ndilo jina tunalowafunika nalo wote. Mbega ni mla majani, kidole gumba hana, na kazi yake ni kurukaruka juu mitini. Komba anatoka usiku na analia kama mtoto mchanga. Wawili wa Tana ni mbega mwekundu na kima mwingine wa ardhini na mitini ambaye watafiti humwita mangabe. Mangabe ana rangi ya hudhurungi inayoelekea manjano, ana nywele ndefu utosini, na kope zake ni nyeupe. Akikupepesea hizo kope ujue si salamu.

Sasa, hii habari ni ya bondeni, lakini inaanzia mlimani. Tana inatoka Mlima Kenya na Nyandarua, inazunguka Ukambani kwa juu, inashuka Garissa, halafu inaingia kwenye nchi ambayo mvua yake haitoshi kuotesha msitu wowote. Ukitoka mtoni ukatembea muda mfipi tu uko kwenye vichaka vya miiba na mchanga. Ule msitu wa kando ya mto hauli mvua ya pale ulipo. Unakula mvua iliyonyesha Nyeri na Meru wiki kadhaa kabla. Mto unafurika, unapanda kingo, unaacha udongo mpya wenye rutuba, na maji yanazama chini kwenye mizizi ya mikuyu na mikindu. Mafuriko yakikosekana kwa muda mrefu, miti mikubwa iliyopo inaendelea kusimama, lakini michanga ya kuirithi haioti. Msitu unazeeka bila watoto.

Wanasayansi wanaeleza kwamba zamani sana, wakati Afrika Mashariki ilikuwa na mvua nyingi kuliko sasa, msitu uliunganika kutoka bonde la Congo hadi karibu na Bahari Hindi. Hali ya hewa ikakauka, msitu ukakatikakatika, na wanyama wakabaki pale palipobaki unyevu. Ndio maana ndugu wa mangabe wetu ukiwatafuta utawapata mbali, kwenye misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Wa Tana ni kama familia iliyobaki kwenye plot ya babu baada ya wengine wote kuhama, na plot yenyewe ikazingirwa na jangwa.

Waliosimuliwa kwanza na karatasi ni kima, si watu. Mwaka 1879, Wilhelm Peters, mtaalamu wa wanyama mjini Berlin, aliwaandika wote wawili kwenye vitabu vya sayansi kutokana na ngozi na mafuvu yaliyotoka Tana. Majina ya Kilatini aliyowapa yote mawili yanahusu vitu vya kichwani. Mbega akaitwa rufomitratus, yaani mwenye kilemba chekundu. Mangabe akaitwa galeritus, mwenye kofia. Nilicheka niliposoma hilo. Mzungu amekaa Berlin, anatazama wanyama waliokufa kutoka mto ambao watu wake walivaa vilemba na kofia, na katika yote ya kuandika anaandika kuhusu kofia za kima.

Watu hao ni akina nani? Kandoni mwa mto ni Wapokomo, wakulima wa ndizi, maembe, mpunga na mahindi, wavuvi, wachongaji wa mitumbwi. Kilimo chao cha asili kinafanana na msitu wenyewe: kinangoja mafuriko. Mto ukijaa unakaa juu, ukishuka unapanda kwenye tope. Ukiwa Mkenya umeshaimba na Wapokomo hata kama hujawahi kufika kwao, kwa sababu muziki wa wimbo wetu wa taifa, ule wa 1963, ulichukuliwa kutoka wimbo wao wa kubembeleza mtoto. Nje ya kingo ni wafugaji, Waorma na Wardei, na ukivuka mashariki ni Wasomali. Wafugaji nao wanauhitaji mto, hasa wakati wa kiangazi, ambapo ng'ombe lazima afike majini au afe. Njia za kupitisha mifugo kati ya mashamba hadi mtoni zina jina, zinaitwa malka, na ugomvi mwingi wa Tana ukiuchimba utakuta chini yake kuna malka iliyolimwa au shamba lililokanyagwa.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hiyo digrii ya kuhesabu kima sina. Ninachojua nimekisoma kwa waliokaa pale. Miaka ya 1970 mapema, Clive Marsh alipiga kambi kwenye msitu wa Mchelelo akawafuata mbega wekundu, na Katherine Homewood akawafuata mangabe. Kwa vijana wanaodhani utafiti ni kupiga picha na drone, hebu fikiria: unaamka kabla ya jua, unakaa chini ya mti, unaandika kila dakika chache mnyama fulani anakula nini, anakaa na nani, anakwenda wapi. Kesho tena. Miezi mingi hivyo. Kutokana na kazi hiyo tukajua kwamba mbega wa Tana anaishi kwa kutegemea majani machanga na matunda ya miti michache mno, mkuyu ukiwa mkubwa wao, na kwamba mangabe, ambaye anaweza kushuka chini na kutembea mbali, anaganda kwenye mkindu matunda mengine yanapokwisha. Marsh alikadiria kwamba mbega wekundu walikuwa kati ya 1,200 na 1,800.

Kuna hadithi moja ya pembeni ambayo siwezi kuiacha. Mwaka 1979 Homewood, akiwa na Alan Rodgers, alikuwa kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania, karibu na kijiji cha Sanje. Huko wakakuta kima ambaye sayansi haikuwa imemwandika popote. Homewood aliutambua ukoo wake kwa sababu alikuwa amekaa na jamaa zake Tana. Mangabe wengine ndio hao, mamia ya kilomita kusini, mlimani! Leo anaitwa mangabe wa Sanje, na Udzungwa ikatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1992. Wanakijiji wa Sanje, bila shaka, walikuwa wakimjua siku zote, na walikuwa na jina lake. Hawakuwa wameulizwa tu.

Hilo la kuulizwa ndilo linalonirudisha Tana. Mwaka 1976 serikali ilitangaza Hifadhi ya Kima ya Mto Tana, kilomita za mraba 169 pande zote mbili za mto, ndani yake vipande vya msitu na ndani ya vipande hivyo vijiji, mashamba, makaburi na miembe ya watu. Kwa kima ilikuwa habari njema. Kwa watu ilikuwa mstari kwenye ramani ambao uliwakuta wakilima.

Unaweza kusema, si wangepinga? Wangekwenda mahakamani, wangeandamana. Basi tukumbuke 1976 ilikuwa mwaka gani kwa sisi wa upande huu. Eneo lote la kaskazini lilikuwa limefungwa na Mwingereza tangu 1926, huingii wala hutoki bila ruhusa. Uhuru ulipokuja ukaja na vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na vita vilipokwisha sheria za hali ya hatari hazikwisha. Zilibaki hadi 1991. Na sheria hizo hazikuishia kwenye mpaka wa mkoa wa Kaskazini Mashariki. Zilitawala pia wilaya zinazopakana nao: Marsabit, Isiolo, Lamu na Tana River. Yaani mkulima wa Kipokomo aliyeamka akaambiwa shamba lake sasa ni la kima, alikuwa anaishi chini ya sheria ileile ambayo ilimruhusu ofisa kumzuia mtu bila kumfikisha mahakamani. Miaka minne baada ya hifadhi kutangazwa, Novemba 1980, hapa Garissa mtaa wa Bulla Karatasi uliteketezwa na vikosi vya usalama, na watu wakakusanywa uwanjani. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuja kuyaandika hayo kwenye ripoti yake ya 2013. Sisemi mambo haya mawili ni kitu kimoja. Nasema katika miaka hiyohiyo, mtoni hapohapo, mnyama alikuwa na tangazo la serikali la kumlinda na binadamu alikuwa na tangazo la serikali la kumlinda serikali dhidi yake.

Halafu yakaja mabwawa. Kindaruma ilikuwa tayari tangu 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978. Lakini hizo zinapitisha maji zaidi kuliko kuyaweka. Masinga, iliyokamilika 1981, ndiyo ghala. Ina uwezo wa kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu, na kazi yake ni kuyashika maji ya masika na kuyatoa kidogokidogo ili mitambo ya chini isikose. Kiambere ikafuata 1988. Kwa Nairobi hii ilikuwa raha. Kwa miaka mingi stima ya nchi hii ilitoka zaidi kwenye ngazi hizo tano za Tana kuliko mahali pengine popote, na maji ya bomba ya Nairobi, yale ya Ndakaini, nayo ni maji ya bonde hilohilo, yamekatiwa juu kabisa. Waliopima mto kabla na baada ya Masinga waliona kile ambacho ungetarajia: maji ya kiangazi yakaongezeka, vilele vya mafuriko vikashuka, na ardhi ya juu kidogo ambapo msitu unasimama ikawa inafunikwa na maji siku chache mno kuliko zamani.

Nirudie hapo, kwa sababu ni kitu ambacho mtu anaweza kukipita. Hakuna aliyekwenda Mchelelo na shoka. Mtu alifunga mlango wa zege kilomita mamia juu ya mto, na miche ya mikuyu ikaacha kuota chini. Hifadhi ilikuwa na mpaka, askari na bango. Kitu kilichokuwa kinaulisha msitu kilikuwa nje ya mpaka huo, na hakuna bango linaloweza kuzuia maji yasipungue.

Kama hiyo haikutosha, kulikuwa na Bura. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na wengine, ilianza skimu ya kunyunyizia mashamba ya pamba karibu na Bura, kati ya Garissa na Hola. Mpango ulikuwa hekta 6,700. Zilizolimwa zilikuwa kama 2,500, na kwa gharama ya kila hekta skimu ile ikawa moja ya mifano ambayo wachumi wanaitumia kufundisha jinsi ya kupoteza pesa. Familia zililetwa kutoka kila pembe ya nchi, zikapewa nyumba na ekari chache, na zikahitaji kuni. Kuni zilikuwa mtoni. Ili kuokoa msitu, wataalamu walileta mti wa haraka kukua usiojali ukame. Unaujua. Mathenge. Leo mathenge imeziba mashamba, njia na kingo kutoka Garissa hadi delta, inatoboa matairi na kuoza meno ya mbuzi, na bado kuni za mkuyu zinauzwa.

Marsh aliporudi kuhesabu mwaka 1985, makadirio ya mbega wekundu yalikuwa 200 hadi 300. Hesabu za baadaye, katikati ya miaka ya 1990, zilipata wengi zaidi, kwa sehemu kwa sababu watafiti walitafuta kwenye misitu ya nje ya hifadhi ambayo hapo mwanzo haikuangaliwa sana. Hilo lenyewe linafaa kukufanya usimame: wengi walikuwa wanaishi nje ya mstari, kwenye misitu iliyokuwa mikononi mwa vijiji. Hata hivyo mbega huyu ametokea zaidi ya mara moja kwenye orodha ya kima na sokwe 25 walio hatarini zaidi duniani, na si orodha unayotamani kurudia.

Basi pesa zikaja. Mwaka 1996, kupitia Benki ya Dunia, mfuko wa kimataifa wa mazingira ulitoa zaidi ya dola milioni 6 kwa ajili ya hifadhi: utafiti, usimamizi, maendeleo ya jamii, na kuhamisha familia zilizokuwa ndani. Kuhamisha kulielezwa kuwa kwa hiari. Ardhi ya kuhamia ilikuwa upande wa Kipini, karibu na pwani. Jaribu kuwaza mazungumzo hayo. Wewe umezaliwa mtoni, babu yako kapanda huu mwembe, mto ukishuka unajua tope gani ni la mpunga na lipi la ndizi. Anakuja mtu na gari lenye bendera anakwambia kwa hiari yako uhame kwa sababu ya kima ambaye babu yako aliishi naye bila kummaliza. Wako waliokubali, wako waliokataa, na vijiji vikagawanyika katikati ya nyumba. Wengine walianza kuuona msitu kama kitu kinachowaletea matatizo, na mti ukishakuwa adui yako huulindi usiku. Mradi ulifungwa bila kutimiza uliyoyaahidi.

Waliokataa walikwenda mahakamani. Januari 2007, Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi haikuanzishwa kwa kufuata sheria, kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba tangazo lake liondolewe. Miaka 31 baada ya mstari kuchorwa. Wahifadhi wa kimataifa waliandika kuhusu uamuzi huo kama pigo kwa kima, na kwa upande mmoja wako sahihi: msitu wote wa Tana ukabaki bila ulinzi rasmi. Lakini mimi nausoma kwa namna nyingine pia. Kwa mara ya kwanza tangu Peters na ngozi zake, mtu wa mtoni aliulizwa swali na jibu lake likaandikwa kwenye karatasi yenye nguvu.

Nilikwenda mara moja, wakati wa kiangazi. Basi la Malindi linatoka Garissa asubuhi, linavuka daraja, na ukishavuka tu umeshatoka Kaskazini Mashariki: Madogo ni Tana River, ni Pwani kwenye vitabu. Kipande cha kitambulisho nilikitoa mara tatu kwenye vizuizi kabla ya Hola. Baada ya Hola unashuka kwenye kituo chenye vibanda viwili, unachukua boda mpaka mtoni. Mzee aliyenitembeza msituni alikuwa amewahi kuwabebea watafiti vyombo akiwa kijana. Aliniambia nisivae nyekundu, nisiongee, na nisimwite kila mnyama nyani. Tulingoja karibu saa nzima chini ya mkuyu ambao matunda yake yalikuwa yanaoza ardhini, nzi kila mahali, mpaka nikaanza kufikiria basi la kurudi. Mangabe ndio waliotangulia. Dume alitoa mlio mmoja mrefu, kimya, halafu mguno kama wa bata mzinga anayekoroma, na msitu mzima ukawa kama umejibu. Mbega walikuja kimyakimya juu, saba au wanane, wakubwa kuliko nilivyodhani, na kweli utosini wana ule wekundu. Walitutazama, wakaona hatuna maana, wakaendelea kula. Hakuna tiketi niliyokata. Langoni hapakuwa na mtu. Mzee nilimpa nilichokuwa nacho, akanipa ndizi za kurudi nazo.

Nilimuuliza kama anafurahi hifadhi iliondolewa. Hakusema ndiyo wala la. Alitaka kujua kwanza ng'ambo kule kwetu wanasema nini kuhusu mpaka.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Garissa inasema mpaka ni mto wenyewe. Tana River inasema mpaka uko maili tatu mashariki mwa mto, kama ulivyochorwa zamani, ili Wapokomo wa ng'ambo wasiwe wageni kwenye mashamba yao. Maili hizo tatu zimefika bungeni, kortini na, mara kadhaa, kwenye mazishi. Na ni ndani ya maili hizohizo tatu ambapo nusu ya msitu wa kima upo.

Agosti 2012 ndio mwezi ninaoufikiria zaidi. Mwezi huo, upande wa Garissa, kule Ishaqbini ng'ambo ya hifadhi ya kima, jamii ya Wasomali ilifungua uzio wa kilomita za mraba 27 kwa ajili ya hirola, swala ambaye naye kwa asili si wa kwingine duniani ila mpaka huu wetu na Somalia. Walihamishwa hirola 48, kwa helikopta na malori. Wazee wa pale ndio waliotenga ardhi na askari wa wanyama ni vijana wao. Hirola wakazaana. Hifadhi ya Ishaqbini inagusa mto, kwa hiyo ndani yake mna mbega na mangabe pia. Mwezi huohuo, chini kidogo ya mto, tarehe 22, watu zaidi ya 50 waliuawa kijijini Riketa, wengi wao wanawake na watoto, katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Kufika Januari 2013 waliokufa walikuwa wamepita mia. Maji, malisho, siasa za uchaguzi wa kwanza wa kaunti, kila mtu ana maelezo yake. Kutoka juu ya helikopta ya hirola ungeweza kuuona mto uleule.

Upande wa Wapokomo sasa kuna hifadhi ya jamii ya Ndera, iliyochukua sehemu ya ile ya zamani, na askari wake ni wa vijiji vya hapo. Mfano huu wa hifadhi za jamii nao una maswali yake. Mapema 2025, mahakama ya ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi za namna hii kwenye kaunti hiyo zilianzishwa bila wananchi kushirikishwa vya kutosha. Neno lilelile la 2007. Kwa hiyo sitakuambia kwamba mkataba ukiandikwa na jamii kila kitu kinanyooka. Inategemea nani alikuwa kwenye kikao, na nani alikuwa malishoni siku hiyo.

Na juu ya mto bado wanahesabu maji. Kwenye mipango ya taifa kuna bwawa la High Grand Falls, kati ya Kitui na Tharaka Nithi, ambalo likijengwa litakuwa kubwa kuliko Masinga. Wanaolitetea wanataja mafuriko ya 2024, na hawakosei kuyataja: barabara ya Nairobi ilikatika, Garissa ikawa kisiwa, na boti iliyokuwa ikivusha abiria karibu na Madogo ilipinduka ikaua watu. Aliyempoteza ndugu mle majini huwezi kumwambia kwamba mafuriko ni chakula cha mikuyu. Lakini wakulima wa Hola watakwambia vilevile kwamba baada ya maji yale kushuka, tope lilikuwa jeusi, na walipanda.

Jambo moja zaidi alilonionyesha yule mzee. Tana haikai. Inakula ukingo mmoja na kujenga mwingine, kona zake zinajipinda mpaka siku moja, wakati wa maji makubwa, mto unakata shingo ya kona na kupita moja kwa moja. Kona ya zamani inabaki kuwa ziwa, na kipande cha msitu kilicholala magharibi kinaamka kikiwa mashariki, pamoja na miembe, makaburi na kima waliomo. Alininyooshea kidole msitu mmoja ng'ambo, akasema babu yake aliulima kwa miguu, bila mtumbwi.